Jinsi Mke Wangu Alivyotaka Kufa

Mke wangu aliniambia jinsi anavyotaka kufa tukiwa tumekaa kwenye benchi la kibanda cha chai pale Luanda Kotieno, tukisubiri feri ya kwenda Mbita kumwona dada yake. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi na mandazi kwenye kipande cha gazeti magotini. Mbele yetu wanawake walikuwa wakigeuza dagaa wa omena juani. Mmoja wao aliyemfahamu tangu utotoni aliacha kazi yake akaja kumsalimu. Wakashikana mikono, wakacheka mambo yao kwa Kijaluo, hata mimi nikacheka bila kuelewa vizuri. Yule mama alipoondoka, mke wangu aliniangalia akasema, "Nimesahau jina lake."

"Utalikumbuka tu."

"Sitalikumbuka. Na wewe unajua sitalikumbuka."

Nilikuwa najua. Siku chache kabla ya safari hiyo, daktari mmoja mjini Kisumu alikuwa ametuonyesha picha za ubongo wake, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu mahali palipoanza kusinyaa. Mke wangu alikuwa amemsikiliza kama mwenzake kazini. Aliuliza maswali, akatikisa kichwa, akauliza mengine. Mimi nilikaa kando kama mtu aliyesindikiza mgonjwa wa jirani.

Alikuwa muuguzi na mkunga maisha yake yote. Mji mzima ulimwita Sista, na mimi pia nilimwita Sista, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomkuta siku ya kwanza, nilipopelekwa kwake na kidole kilichopondwa na nyundo. Nilikuwa kijana kutoka Murang'a, nimeletwa Kisumu na mjomba wangu kumsaidia kuuza misumari na mabati. Baadaye nikafungua duka langu mwenyewe Kondele. Yeye alikuwa wa Uyoma, mtoto wa ziwani. Kijaluo changu kilikuwa cha kaunta: najua kusalimu, kutania, kutaja vipimo vya mbao na kubishana bei. Kikuyu chake kilikuwa matusi machache na wimbo mmoja wa kanisani. Kwa hiyo ndoa yetu yote iliishi ndani ya Kiswahili, chake kikipinda upande mmoja na changu kikipinda upande mwingine. Tulitongozana kwa lugha hiyo, tukagombana kwayo, tukamlea binti yetu wa pekee kwayo.

Na siku ile kwenye benchi aliniambia kwa lugha hiyo.

"Sista," nilijaribu kumzuia, "tunaenda kumwona dada yako. Hayo tuyaache."

"Nikiyaacha leo, kesho nitayasahau. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo." Akaweka kikombe chini. "Utafika wakati sitakujua wewe ni nani. Siku hiyo ikifika, mimi nitakuwa nimeshaondoka. Atakayebaki ni mwili unaokula ugali. Mwili huo utapata homa ya mapafu, wagonjwa wengi wa aina hii huishia hapo. Mwili ukiipata, usiukimbize hospitali. Usikubali wanitie mpira puani. Usikubali wanifunge mikono. Nipe dawa ya maumivu, nilaze kwenye kitanda changu, nishike mkono, uniache niende."

Nilijua alikokuwa ameyatoa hayo ya mikono. Mama yake alikufa na ugonjwa huohuo wa kusahau. Mwisho wake walimfunga mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda ili asing'oe mipira, na aliyefunga mafundo yale alikuwa bintiye, yeye mwenyewe, akiwa zamu. Alinisimulia mara moja tu katika maisha yetu. "Niliyafunga vizuri," alisema, "kama nilivyofundishwa."

"Niahidi," akaniambia.

"Naahidi."

"Hapana. Sema yote."

Hivyo ndivyo alivyozoea kufanya na akina mama waliotoka wodini na watoto wachanga. Hakumruhusu hata mmoja kuondoka kabla hajarudia maagizo kwa mdomo wake mwenyewe. Nikayarudia. Usikimbizwe hospitali. Usitiwe mpira. Usifungwe mikono. Nilipokosea aliniambia nianze tena, hadi mwenye kibanda akaacha kupanga vikombe akatutazama. Kisha feri ikapiga honi, tukasimama, na mke wangu akafuta makombo ya mandazi kwenye sketi yake akiwa ametulia kabisa, kama mtu aliyemaliza zamu.

Nieleze kwa nini neno lile lilikuwa zito kwangu. Mwaka mji ulipochafuka baada ya uchaguzi, watu wa kabila langu tulikuwa tukitafutwa. Duka langu lilikuwa limeshateketea. Vijana walipofika kwenye geti letu, mke wangu alivaa sare yake ya uuguzi, akabeba stuli ya jikoni, akaenda kukaa katikati ya geti. Mimi nilikuwa chini ya kitanda na binti yangu kifuani. Nilimsikia akiwaambia, bila kupaza sauti, kwamba humo ndani mna mume wake na mtoto wake, na anayetaka kuingia apite juu yake. Akawauliza mama zao hawajambo. Wakaondoka. Mtu aliyekukalia mlangoni namna hiyo, akikuomba neno moja maishani, unampa, na ukishampa hulichezei.

Binti yetu naye aliambiwa. Anafanya kazi chuo kikuu, Bondo, na Jumapili moja alipokuja kutuona, mama yake alimwita jikoni akafunga mlango. Mimi nilibaki sebuleni na televisheni iliyozimwa. Nilimsikia binti yangu akilia. Baadaye nikawasikia wote wawili wakicheka, sijui kitu gani.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Uliondoa lugha zake moja moja, kama mtu anayehama nyumba polepole. Kiingereza cha kazini kilitangulia. Kisha Kiswahili chetu kikaanza kutoboka. Alitaka kisu akasema "ile ya kukatia," alitaka dirisha lifunguliwe akasema "upepo, upepo," akipiga ukuta kwa kiganja. Nilimsaidia kutafuta maneno hadi siku nilipogundua kwamba namkumbusha na hayajui tena. Kilichobaki ni Kijaluo, tena si kile cha sokoni nilichokizoea, bali cha utotoni kwao, chenye majina ya mimea na michezo na watu waliokufa kabla sijazaliwa.

Asubuhi moja niliingia sebuleni nikamkuta ameketi. Aliponiona alisimama kwa heshima, akanyoosha leso yake kiunoni, akanionyesha kiti changu mwenyewe.

"Bed piny, jaduong'," akasema. Keti, mzee.

Nikaketi. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la baba yangu. Akafikiri, akasema kwamba watu hao hawafahamu, lakini nimekaribishwa. Tukakaa pamoja, mimi nikiwa mgeni nyumbani kwangu, na kiti nilichokikalia miaka yote kikawa kama cha kuazima.

Nilimpigia binti yangu simu. "Leo hakunijua," nikamwambia.

"Basi Mama ameondoka," akasema.

Mimi pia nilidhani hivyo. Nilijitayarisha kuishi na ule mwili unaokula ugali. Jambo ambalo hakuna aliyenitayarishia ni kwamba aliyebaki alikuwa na furaha.

Mke wangu niliyemwoa hakujua kupumzika. Aliamka kabla ya jogoo, alikagua makomeo, alikunywa chai yake imepoa kwa sababu daima kulikuwa na kitu cha kufanya kwanza. Huyu aliyebaki alikaa uani juani na kucheka kuku. Alikula samaki kwa vidole vyote kumi, akanyonya kichwa cha samaki wa ngege hadi mifupa ikawa myeupe. Aliimba nyimbo za wasichana wa ziwani kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia. Na alinipenda. Hakunipenda kama mume. Alinipenda kama mgeni mzee asiye na kwao. Katika kila samaki alinitolea jicho, ambalo ndilo alilokuwa akilipenda kuliko vyote, akaliweka kwenye sahani yangu kwa ncha za vidole. "Chiem, jaduong'," ananiambia. Kula. Jioni ilipoingia alianza kunihurumia, akaniuliza kama watu wangu hawatakuwa na wasiwasi.

Binti yangu alikuja Jumamosi moja. Mama yake akamkumbatia, akamwita nyaminwa, dada yangu, akamvuta wakakae pamoja kivulini. Baadaye binti yangu alinifuata jikoni nikiosha vyombo.

"Baba, unakumbuka alichosema."

"Nakumbuka. Lakini mtazame."

"Namtazama. Ndiyo maana nakuuliza."

"Alisema atabaki mwili. Huyu si mwili. Huyu ananichagulia jicho la samaki."

Alichukua kitambaa akaanza kukausha sahani, pole pole, sahani moja kwa muda mrefu. "Mama aliwauguza watu kama hawa maisha yake yote," akasema. "Alijua wanacheka. Alijua wanaimba. Si kwamba hakujua atakuwa hivi, Baba. Alijua, na bado akasema."

Nilimpa sahani nyingine.

Nilifikiri labda nimuulize mwenyewe, huyu aliyepo. Alasiri moja tukiwa uani nilivuta kiti karibu naye, nikakusanya Kijaluo changu chote cha kaunta, nikajaribu kumuuliza: ukiugua sana, unataka kupelekwa hospitali, au unataka kukaa nyumbani? Nilikuwa najua neno la hospitali na neno la nyumbani na neno la ugonjwa. Sikujua namna ya kusema "ikiwa." Lugha ya kuuza misumari haina haja kubwa ya mambo ambayo bado hayajatokea. Mke wangu alinisikiliza kwa makini, uso wake ukabadilika, akaniwekea mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso, halafu shingoni, jinsi alivyowapima wagonjwa wake. Alikuwa ameelewa kwamba mimi ndiye ninayeumwa. Akanipigapiga begani, akaniambia nitapona.

Mvua za masika zilipokuja alianza kukohoa. Kwanza kidogo, kisha kwa namna ambayo hata mimi muuza mabati niliielewa. Asubuhi moja aliamka mwili ukiwa moto, midomo imekauka, akipumua kama mtu aliyekimbia. Nilimpigia binti yangu akasema anatoka Bondo saa hiyohiyo. Hakuniambia nifanye nini, nami sikumuuliza. Wote wawili tulijua maagizo.

Nikayafuata. Nilimpa dawa ya maumivu na ya homa. Nilimwinua kwa mito kama alivyonifundisha zamani, wakati mama yangu mwenyewe alipougua kwetu. Nikakaa kitandani, nikamshika mkono. Kwa muda wa asubuhi ile niliitimiza ahadi yangu, na ninataka hilo lijulikane, kwamba sikulikimbia neno lake mara ya kwanza lilipokuwa gumu.

Lakini kwenye benchi pale Luanda Kotieno tulikuwa tumezungumza kana kwamba homa itamchukua taratibu, kama usingizi. Haikuwa hivyo. Ilipokaribia saa sita mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na macho yake yakafunguka, na ndani ya macho yale mlikuwa na hofu tupu. Alinikamata shati kwa mikono miwili.

"Konya, jaduong'," akasema. "Konya."

Nisaidie, mzee. Nisaidie. Neno hilo halihitaji Kijaluo kingi.

"Sista," nikamwambia, nikilia, "ni wewe uliyesema. Ulisema nisikupeleke. Unakumbuka? Tulikuwa tunasubiri feri."

Alikuwa akinitazama mdomo. Kiswahili kilikuwa kimeshakwenda. Alikuwa akitazama mdomo wa mzee asiyemfahamu ukifunguka na kufumba badala ya kumsaidia. Nilikuwa namweleza mtu anayezama habari za mtu mwingine aliyekataa kuokolewa.

"Konya."

Nikatoka mbio kwa jirani mwenye gari.

Njiani, tulipokwama Kondele katikati ya bodaboda na mikokoteni, alikuwa amenilalia kifuani akihema, na nikapita mbele ya duka nililolijenga upya, ambalo sasa lina mwenyewe mwingine, bila hata kugeuza kichwa. Binti yangu, niliyempigia simu tukiwa garini, alikuwa amefika kabla yetu, amesimama kwenye lango la hospitali. Aliniona. Niliona kwamba ameelewa. Kiatu cha mama yake kilidondoka tulipokuwa tukimtoa garini, akainama akakiokota, akakibeba mkononi hadi wodini.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye uchovu machoni. Walipokwisha kumlaza alitusogeza pembeni akauliza swali ambalo nadhani ni jema kuulizwa. "Mzee, kuna jambo lolote mgonjwa aliwahi kusema kuhusu anavyotaka kutibiwa?"

Mimi na binti yangu tukatazamana.

"Alisema mambo mawili," nikajibu.

"Yapi?"

"Asiletwe. Na aletwe."

Alisubiri niongeze. Nikamweleza, kwa kifupi na kwa kuchanganya, feri, mama yake, asubuhi ile. Alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Sasa nitamtibu mapafu. Yatakayofuata tutayazungumza yakija." Sikuona chuki ndani yake wala lawama. Nafikiri yeye pia hakujua.

Wakamwekea oksijeni usoni, akaing'oa. Wakamtia dripu, akaing'oa, damu ikachuruzika shukani. Alimwita mama yake. Muuguzi mmoja alikuja na bandeji mkononi, na mimi nilipoiona ile bandeji nikasema hapana, kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wageuke.

"Mzee, lazima mikono itulie," akasema yule muuguzi. Hakuwa mkali. "Kama hatutafunga, basi shikeni ninyi."

Tukashika. Binti yangu mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Nilikuwa nimeahidi kwamba hatafungwa, na hakufungwa. Mimi ndiye niliyekuwa bandeji. Alinisukuma kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na alipochoka kunisukuma alinitazama. Mgeni ambaye yeye alikuwa akimlisha jicho la samaki sasa amemkamata kwenye nyumba ya watu asiowajua. Tulishika mikono ile hadi yetu ikafa ganzi. Mmoja alipotoka kunywa maji mwingine alishika yote miwili.

Mapafu yakapona. Watu wa kanisani walikuja kumshukuru Mungu kwa nyimbo, nami nikaimba. Tukamrudisha nyumbani kwenye kiti cha magurudumu ambacho kanisa lilituazima, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa.

Aliyerudi hakuwa yule wa kwanza wala wa pili. Hakuimba tena. Kuku walipita mbele yake asiwaone. Chakula kilimpalia, ikabidi tumlishe uji kwa kijiko, na mama jirani aliyekuwa akija kunisaidia kumwogesha alisema amekuwa mwepesi kama nguo. Hakuniita jaduong'. Lakini kitu kimoja alikikumbuka, yeye aliyesahau ndoa na mtoto na jina lake: kila nilipomkaribia, aliificha mikono yake chini ya leso.

Nilijaribu kila njia. Nilikaa mbali. Nilikuja na ndizi mbivu. Nilikuja nikiwa nimeweka mikono yangu nyuma ya mgongo, kama mtoto anayeogopa kuchapwa. Mikono yake ilizama chini ya leso na ikabaki humo hadi nilipoondoka.

Kulikuwa na mchana mmoja. Binti yangu alikuwa amekuja, akakaa naye kwenye mkeka kivulini, na mama yake akamwegemea begani akalala. Akalala mchana kutwa. Binti yangu hakusogea. Nilimletea chai akakataa kwa kichwa, kwa kuogopa kumwamsha. Jua lilipozunguka likamfikia usoni alikaa vilevile, amefumba macho, shavu lake kwenye nywele za mama yake. Kama ningeitimiza ahadi wakati wa mvua, asingeupata mchana ule. Nimeuweka mchana huo upande mmoja wa mizani, na upande wa pili nimeweka ile mikono chini ya leso. Nilipima misumari maisha yangu yote, najua mizani inavyotulia. Hii haitulii.

Homa ya mapafu ilirudi wakati wa kiangazi, wiki ambayo magugu maji yalikuwa yamefunika ufuo wote wa mji na harufu yake ikawa inafika hadi uani kwetu. Safari hii binti yangu alikuwepo. Daktari wa kituo cha afya cha jirani alikuja nyumbani, akamsikiliza kifua, akatuachia dawa ya maji ya kupunguza maumivu na ile hali ya kukosa pumzi, akatuonyesha namna ya kuitia mdomoni kwa tone. Akatuambia mgonjwa akitaka tumpeleke hospitali, gari lipo.

Tukakaa naye. Mimi nilikuwa nikisubiri lile neno. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba akilisema nitampeleka, hata kama ni kwa mara ya kumi, hata kama ni kumshika tena mikono. Niliinama, nikaweka sikio langu karibu na mdomo wake, nikasikia pumzi tu, zikiingia na kutoka kwa mbali. Sikusikia konya. Labda hakutaka kusaidiwa. Labda hakuwa na neno lolote tena la kunipa. Sijui kama mara ile ya pili nilitimiza ahadi, au ni kwamba tu sikuitwa.

Alikuwa ametaka nimshike mkono. Hilo lilikuwamo katika maagizo, na nililirudia kwa mdomo wangu mbele ya mwenye kibanda. Lakini mikono ilikuwa chini ya leso, na niliposogeza wangu niliona kitambaa kikitikisika kidogo, kikirudi nyuma. Nikaiacha. Niliweka kiganja changu juu ya leso, mahali nilipokisia kuwa mikono yake ipo chini, bila kukandamiza. Nilikaa hivyo. Binti yangu alikuwa amekwenda jikoni kupasha uji ambao sote wawili tulijua hautaliwa. Aliporudi na bakuli mama yake alikuwa ameshakwenda. Ilikuwa adhuhuri, watoto wa shule wakipita barabarani kwa kelele.

Tulimzika kwenye shamba letu dogo njia ya Bondo, si Murang'a wala Uyoma. Ndugu zake walikuja na ndugu zangu wakaja, wakatazamana kwa mashaka, kisha wakala pamoja. Watu wengi waliozaa mikononi mwake walisimama kueleza. Kila mmoja alisema kwamba nimemtunza vizuri. Niliwashukuru mmoja mmoja.

Baada ya wageni kuondoka ilibidi turudishe kiti cha magurudumu kanisani. Mimi na binti yangu tulikitoa uani tukaanza kukisugua kwa sabuni, yeye magurudumu, mimi kitako. Uji ulikuwa umekauka kwenye mishono.

"Baba," akasema bila kuinua kichwa, "na wewe unataka nini?"

Nilielewa anachouliza. Nilitaka kumpa jibu zuri. Nilikuwa nimeona kila kitu kwa macho yangu. Kama kuna mtu alipaswa kuwa na jibu ni mimi. Nikafikiri nimwambie afuate nitakalosema leo, nikaona uso wa mke wangu akinishika shati. Nikafikiri nimwambie afuate nitakalosema siku ile, nikaiona mikono chini ya leso.

"Usiniulize leo."

"Nitakuuliza kesho."

"Kesho pia sitajua."

Aliacha kusugua. Ana mvi chache sasa mbele ya kichwa, alizozirithi kwa mama yake. "Basi mimi nifanye nini, Baba?" akauliza, na sauti ilikuwa ya yule mtoto niliyemkumbatia chini ya kitanda.

"Sijui, mwanangu."

Alisubiri kidogo, kama yule daktari, aone kama nitaongeza kitu. Halafu akamwaga maji machafu kwenye mfereji, akajaza ndoo tena, tukasuuza. Hatukuwa tumekikausha gari la kanisa lilipoingia getini. Tukakiinua mimi na yeye na dereva, tukakipakia kikichuruzika maji, na dereva akasema si neno, kitakauka njiani.